Jinsi ya Kuchambua Pendekezo la Nani Atibiwe Bure, na Kulitolea Maoni

Ubishi juu ya nani anastahili kutibiwa bure kwa fedha za umma huzuka karibu kila nchi yenye huduma hiyo, na hupamba moto zaidi bajeti inapobana au uchaguzi unapokaribia. Mmoja atasema kodi ni ya wananchi, kwa hiyo wananchi watangulie. Mwingine atasema mgonjwa ni mgonjwa, na kumdai hati kabla ya kumpima ni ukatili. Wote wawili wana jambo la kweli, lakini wakiishia hapo mjadala hugeuka mashindano ya sauti, na walioandika pendekezo hulipitisha kama walivyolileta.

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyepata nakala ya pendekezo kama hilo, liwe mswada, kanuni au waraka wa wizara, na anayetaka kulielewa barabara kisha alitolee maoni mbele ya kamati ya bunge, katika mkutano wa hadhara au kwa barua kwa mwakilishi wake. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime: sehemu nzito kuliko zote katika pendekezo la namna hii si ile inayotaja walengwa, bali ile inayoeleza mlengwa atathibitisha vipi kwamba ni mlengwa. Watu hugombania ile ya kwanza, na wagonjwa huumizwa na hii ya pili.

Tenganisha maswali kabla ya kuchagua upande

Kabla hujakubali au kukataa chochote, chukua karatasi na ujibu maswali manne ukitumia maneno ya pendekezo lenyewe: nani ameingizwa, kwa huduma zipi, kwa uthibitisho gani, na nani atakayeilipa hospitali gharama za mtu huyo. Swali la nne husahaulika sana. Hospitali ikiamriwa kumtibu mtu bure bila kurejeshewa fedha, itatafuta njia ya kumpunguza mtu huyo, hata kama hakuna anayekusudia mabaya: atapangiwa tarehe ya mbali, au ataambiwa dawa zimekwisha.

Maswali haya yakitenganishwa, ugomvi mwingi hupungua wenyewe. Anayesema wageni wasitibiwe bure mara nyingi anafikiria upasuaji uliopangwa miezi kadhaa kabla. Anayempinga anamfikiria mama aliyeshikwa na uchungu usiku. Wanabishana huku kila mmoja akijibu swali lake. Ukiwa mwenyekiti wa kikao, au msemaji tu mwenye dakika chache, waombe wote wawili wataje huduma wanayoizungumzia, na utaona ni mambo gani ambayo hawatofautiani kabisa.

Tambua msingi wa kustahili

Kila mfumo una msingi wake wa kumhesabu mtu kuwa anastahili. Kuna uraia, ukaazi, mchango, kipato, umri au hali ya mwili, na kuna ugonjwa wenyewe. Pendekezo linaweza kuchanganya misingi miwili au mitatu bila kusema wazi, na hapo ndipo pa kukazia macho, kwa sababu kila msingi una watu unaowaacha nje.

Huduma ya taifa ya afya ya Uingereza, iliyoanzishwa tarehe 5 Julai 1948, leo imejengwa juu ya ukaazi: anayeishi nchini kihalali na kwa kutulia anatibiwa, awe anafanya kazi au hana. Mgeni wa muda mfupi hutozwa kwa huduma nyingi za hospitali, ingawa huduma ya awali katika idara ya dharura haitozwi mtu yeyote. Tangu mwaka 2015 wanaoomba viza za muda mrefu hulipa ada ya afya pamoja na maombi yao. Ilianza kwa pauni 200 kwa mwaka, na Februari 2024 ikapanda hadi pauni 1,035. Ukisikia mtu akisema wahamiaji katika nchi hiyo hawachangii chochote, au kwamba pale kila mtu anatibiwa bure, kumbuka kwamba kauli zote mbili zinauacha utaratibu huu pembeni.

Msingi wa mchango unafahamika katika nchi zenye bima ya afya ya umma. Nchini Kenya, mfuko ulioanza kazi Oktoba 2024 humkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kwa asiye na mshahara mchango hukadiriwa kwa kuangalia hali ya kaya, usipungue shilingi 300 kwa mwezi. Msingi huu una haki yake, kwa kuwa kila mmoja anaweka kitu. Udhaifu wake ni mtu ambaye kipato chake hakina umbo: leo kipo, mwezi ujao hakipo, naye huugua katika mwezi ule ambao hakulipa. Pendekezo la namna hii lisomwe kwa kutafuta kipengele kimoja, yaani nini kinatokea mchango ukikatika. Je, huduma inasimama siku hiyo hiyo, au kuna kipindi cha neema? Malimbikizo yanalipwa kwanza ndipo mtu atibiwe, au anatibiwa huku deni likipangiwa utaratibu?

Uhispania inaonyesha jinsi msingi unavyoweza kubadilishwa katikati ya safari. Mwezi Aprili 2012, nchi ikiwa katika msukosuko wa kiuchumi, serikali ilitoa amri iliyofunga haki ya matibabu kwenye hadhi ya kuwa mtu mwenye bima, na kuanzia Septemba mwaka huo wahamiaji watu wazima wasio na vibali wakabakiwa na huduma za dharura na za uzazi tu, huku watoto wakiendelea kuhudumiwa. Baadhi ya serikali za majimbo ziliikataa amri hiyo na kuendelea kuwatibu watu kwa taratibu zao zenyewe. Mwaka 2018 serikali nyingine ikarudisha haki hiyo kwa amri mpya. Kwa miaka sita, mtu mwenye kisukari angeweza kupata dawa katika jimbo moja na kuzikosa akihamia jirani. Anayetoa maoni ajifunze hapa kuuliza kama haki inayoahidiwa imewekwa katika sheria ya bunge au katika amri ambayo waziri anayefuata anaweza kuifuta kwa saini yake.

Msingi wa kipato ndio unaopendwa zaidi na wanasiasa, kwa sababu unasikika kuwa wa haki na wa kubana matumizi kwa pamoja: maskini watibiwe bure, wenye uwezo walipe. Ugumu upo katika kumtambua maskini. Thailand ilikuwa na kadi za watu wa kipato cha chini kwa miaka mingi, na ilionekana kwamba maskini wengi hawakuwa nazo huku baadhi ya wasio maskini wakizitumia. Mwaka 2002 nchi hiyo iliamua kumwingiza kila raia asiye na bima nyingine katika mpango mmoja, akilipa baht 30 tu kila anapotibiwa, bila kuulizwa kipato chake. Sisemi kwamba kila nchi ifuate njia hiyo. Nasema kwamba anayependekeza kupima kipato anapaswa kueleza atakipimaje, kwa gharama gani, na anakubali kukosea kwa upande upi.

Maana makosa ni ya aina mbili, na hayaepukiki: kumwingiza asiyestahili, na kumwacha nje anayestahili. Ukibana la kwanza, la pili huongezeka. Kauli nyingi za majukwaani hutaja kosa la kwanza tu, kwa kuwa mdanganyifu ni rahisi kumchora. Katika maoni yako dai yote mawili yahesabiwe na kutolewa kwa umma, kwa takwimu, kila mwaka.

Misingi ya umri na hali ya mwili haina ugomvi mkubwa. Tanzania ilipoanza utaratibu wa uchangiaji wa gharama mwaka 1993 iliweka msamaha kwa makundi kama wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano. Afrika Kusini ilifanya huduma kuwa bure kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka sita mwaka 1994. Msingi wa ugonjwa nao una mantiki yake wazi: kifua kikuu kikitibiwa kwa mmoja kinakingwa kwa wengi, na kumtoza mtu ada ya kipimo chake ni kumwomba asije.

Kisome kifungu cha uthibitisho kwa miguu

Hapa usiwe na haraka. Tafuta sehemu ya pendekezo inayotaja hati, fomu, uhakiki, usajili au barua. Mara nyingi haimo katika mswada wenyewe. Imeachiwa waziri aitungie kanuni baadaye. Ikiwa hivyo, umeshapata hoja yako ya kwanza, kwa sababu bunge linaombwa kupitisha haki ambayo masharti yake halijayaona.

Ukiipata, chagua mtu mmoja na umtembeze kutoka nyumbani kwake mpaka dirishani. Mchukue mzee wa miaka 70 anayeruhusiwa kutibiwa bure kwa sharti kwamba hana uwezo. Nani anasema hana uwezo? Tuseme ni kiongozi wa mtaa wake, kwa barua. Kiongozi yupo siku gani, na mhuri uko kwake au kwa mwingine? Barua ikipatikana, inakwenda kwa ofisa ustawi wa jamii wa hospitali, naye anafanya kazi saa za ofisi siku za juma. Mzee akizidiwa Jumamosi usiku, barua inasubiri Jumatatu. Tena barua ina majina mawili na kitambulisho kina matatu, la mwisho limeandikwa kwa herufi tofauti, na karani aliyeonywa juu ya watu wa kughushi hana ruhusa ya kutumia busara yake. Hakuna aliyevunja sheria katika safari hii yote. Mzee anarudi nyumbani bila kutibiwa, na katika takwimu haonekani popote, kwa sababu hakuna daftari la waliogeuzwa.

Mifano ya mambo haya haikomei kwenye nchi zenye uwezo mdogo wa kutunza kumbukumbu. Mwaka 2018 ilibainika wazi Uingereza kwamba watu waliohamia huko kutoka visiwa vya Karibi wakiwa watoto, kabla ya mwaka 1973, na waliokuwa na haki kamili ya kuishi nchini, walikuwa wakinyimwa kazi, nyumba na matibabu kwa sababu hawakuwa na karatasi za kuithibitisha haki hiyo. Mmoja wao, aliyekuwa ameishi London kwa zaidi ya miaka 40, aliambiwa atoe pauni 54,000 kabla ya kuanza tiba ya mionzi ya saratani. Kanuni ya kutoza kabla ya huduma isiyo ya haraka ilikuwa imewalenga wageni. Ikamwangukia mwenyeji.

Marekani nayo ilipitisha sharti kwamba kuanzia Julai 2006 raia wanaoomba mpango wa matibabu wa watu wa kipato kidogo, ule ulioanzishwa mwaka 1965, walete hati za kuthibitisha uraia. Lengo lilikuwa kuwazuia wasio raia. Wakaguzi wa bunge la nchi hiyo walipochunguza mwaka uliofuata, waliripoti kwamba nusu ya majimbo yaliyojibu yaliona walioandikishwa wakipungua, na kwamba mengi kati ya hayo yalisema waliokosa au kucheleweshwa walionekana kuwa raia wenye haki. Mwaka 2018 jimbo la Arkansas liliongeza sharti lingine, kwamba watu wazima wa umri fulani wathibitishe saa 80 za kazi au shughuli zinazokubalika kila mwezi. Mwanzoni taarifa zilipokelewa kwa tovuti tu, na tovuti hiyo ilifungwa usiku, kuanzia saa tatu hadi saa moja asubuhi. Watu wapatao 18,000 walipoteza huduma kabla ya mahakama kusimamisha sharti hilo Machi 2019, na watafiti walikuta kwamba sehemu kubwa ya waliolengwa walikuwa tayari wanafanya kazi au walipaswa kusamehewa. Mtu anayetoka kazini usiku akakuta tovuti imefungwa hakuwa mvivu.

Angalia pia kuhuisha usajili. Haki inayotakiwa kuthibitishwa upya kila mwaka ni haki inayoweza kupotea kila mwaka, hata kama hali ya mtu haijabadilika. Marekani iliporudi kwenye uhakiki wa kawaida baada ya janga la Uviko-19, kuanzia Aprili 2023, zaidi ya watu milioni 20 waliondolewa katika mpango huo huo, na wengi wao hawakuondolewa kwa kuonekana hawastahili bali kwa mambo ya utaratibu, kama fomu iliyotumwa kwenye anwani ya zamani. Kwa hiyo ukikuta neno "kila mwaka" katika pendekezo, uliza kwa nini isiwe miaka mitatu kwa mtu ambaye umri wake au ulemavu wake haurudi nyuma.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni taarifa za mgonjwa zinakwenda wapi. Nchini Ujerumani, ofisi za umma zina wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa za watu wasio na vibali, kwa hiyo asiye na kibali anayetaka ofisi ya ustawi imlipie matibabu yasiyo ya dharura hujihatarisha kufukuzwa nchini. Haki ipo katika maandishi, lakini anayeihitaji hathubutu kuidai. Kama pendekezo ulilo nalo linaruhusu hospitali kupeleka majina kwa idara ya uhamiaji, liseme waziwazi katika maoni yako, na ueleze kwamba mgonjwa aliyejificha na ugonjwa wa kuambukiza hajifichi peke yake.

Pima neno dharura

Karibu kila pendekezo la kubana walengwa huambatana na ahadi kwamba dharura zitahudumiwa kwa watu wote. Ahadi hiyo huwatuliza wengi, na hupunguza ukali wa mjadala, ndiyo maana inastahili kuchunguzwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema katika ibara ya 43 kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Marekani ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye idara ya dharura na zinazopokea fedha za mpango wa serikali wa wazee zimpime na kumtuliza kila anayefika, lakini haizikatazi kumletea bili baadaye. Tofauti kati ya kutonyimwa na kutotozwa ni kubwa mno, na lugha ya sheria huipitia juu juu.

Mwaka 1997 mahakama ya katiba ya Afrika Kusini ilipokea shauri la mgonjwa wa figo ambaye hospitali ya umma ya Durban ilikuwa imekataa kumsafisha damu kwa sababu mashine hazikutosha. Katiba ilisema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Mahakama ikaamua kwamba ugonjwa sugu unaohitaji tiba mara mbili tatu kwa wiki si dharura kwa maana ya kifungu hicho. Ni hukumu yenye huzuni, na pia ni ya kweli kuhusu uchache wa mashine. Anayetoa maoni asiikwepe. Inamlazimisha kuuliza pendekezo linawaweka wapi wagonjwa wa kisukari, shinikizo la damu, figo na saratani, ambao hawafi leo lakini hawaishi bila dawa. Mfumo unaomngoja mgonjwa wa kisukari mpaka azimie ndipo umpokee kama dharura umemwongezea mateso na umejiongezea gharama.

Kabili hoja ya fedha, na umpe haki anayekupinga

Usimdharau anayesema fedha hazitoshi. Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya umma mwezi Machi 2001, na watu wakafurika, hasa maskini, jambo linaloonyesha jinsi ada ilivyokuwa imewafungia mlango. Lakini dawa hazikuongezeka kwa kasi ya wagonjwa, na wengi wakajikuta wakiandikiwa dawa za kwenda kununua katika maduka ya nje, hivyo mzigo wa matumizi makubwa ya matibabu kwa kaya maskini haukupungua kama ilivyotarajiwa. Anayetetea kupanua walengwa bila kusema bajeti ya dawa inatoka wapi anatetea foleni ndefu yenye kabati tupu mbele yake. Andika chanzo cha fedha unachokipendekeza, hata kama ni makadirio, na utasikilizwa kwa makini zaidi kuliko watu kumi waliosema afya ni haki wakakaa.

Kwa upande wa pili, anayetaka kubana walengwa ili kuokoa fedha naye adaiwe hesabu yake. Akitaja gharama ya kuwatibu kundi fulani, mwombe ataje ni sehemu gani ya bajeti nzima ya afya. Akisema watatozwa, mwombe aonyeshe ni kiasi gani hukusanywa kweli kutokana na bili za watu wasio na uwezo, na ni makarani wangapi wataajiriwa kuzifuatilia. Akisema hawachangii, mkumbushe kwa adabu kwamba kodi ya ongezeko la thamani hulipwa na kila anayenunua bidhaa inayotozwa, awe na kitambulisho au hana.

Lipo pia lalamiko ambalo watetezi wa haki hulipita haraka, nalo ni la mwananchi aliyelala kwenye benchi la zahanati tangu alfajiri na kurudi bila dawa. Hasira yake ni ya haki, na ndiyo inayotumiwa na wanaotaka kumwonyesha kwamba aliyemtangulia kwenye foleni ndiye adui. Afrika Kusini mwaka 2025 ilifika mahali ambapo vikundi vya watu vilisimama kwenye milango ya kliniki za umma vikidai vitambulisho na kuwafukuza wageni, wakiwamo wajawazito, ingawa mahakama kuu ya Gauteng ilikuwa imeamuru mwaka 2023 kwamba wajawazito na watoto wadogo wahudumiwe bure bila kujali uraia wala hati. Kwangu mimi hakuna hoja ya bajeti inayohalalisha mtu asiye daktari wala mwuguzi kuamua mlangoni nani aingie. Hata hivyo, hukumu ya mahakama haijampa dawa yule wa kwenye benchi, na maoni yanayotetea haki ya mgeni yana nguvu zaidi yakiambatana na dai la kuongeza watumishi na dawa katika kliniki ile ile.

Hofu ya watu kuvuka mpaka kwa ajili ya matibabu ijibiwe kwa mpaka wa huduma badala ya mpaka wa watu. Huduma iliyopangwa na yenye gharama kubwa, kama kubadilisha nyonga, inaweza kuwekewa sharti la muda wa ukaazi bila kumwua mtu. Ufaransa, katika mpango wake wa kuwatibu wasio na vibali, hudai pamoja na kipato kidogo uthibitisho wa kuwapo nchini kwa zaidi ya miezi mitatu. Uzazi, chanjo, magonjwa ya kuambukiza na ajali havivumilii sharti hilo. Ukilipanga jambo hivi, wengi waliokuja kikaoni wakiwa wapinzani watakubali nusu ya unachosema, na nusu hiyo inaweza kuwa ndiyo inayookoa maisha.

Andika maoni yanayoweza kuingizwa katika sheria

Kamati hupokea maoni mengi yenye uchungu na machache yenye kifungu. Taja namba ya kifungu, nukuu maneno unayotaka yabadilishwe, kisha weka maneno yako badala yake. Usiwaachie wanasheria wa serikali kazi ya kukisia ulimaanisha nini. Kwa suala la uthibitisho, maneno kama haya yanaweza kuwa mwanzo: "Mtu anayedai kustahili huduma chini ya sheria hii hatanyimwa huduma kwa sababu tu ya kukosa hati siku aliyofika, atahudumiwa kwa tamko lake lililosainiwa, na uthibitisho utakamilishwa ndani ya siku 30 kwa msaada wa kituo." Ongeza kifungu cha rufaa kinachosema mtu aliyekataliwa apewe sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo, ikiwa na jina la ofisi ya kupeleka malalamiko. Sababu iliyoandikwa humfanya karani afikiri mara mbili, na huacha kumbukumbu ambayo bila hiyo hakuna anayeweza kukanusha wala kuthibitisha kwamba watu wanageuzwa.

Ukitumia kisa cha mtu, pata ruhusa yake, ficha jina na mahali, na ukifupishe kwa mistari michache. Kisa kirefu humfanya mjumbe aone huruma na kusahau kifungu. Kama umepewa nafasi ya kusema kwa mdomo, tumia dakika ya kwanza kutaja unachotaka kibadilishwe. Usisome waraka mzima, wajumbe wanao.

Usiwatuhumu waandishi wa pendekezo nia mbaya. Mara nyingi aliyeandika kifungu cha hati ni ofisa aliyeambiwa azuie udanganyifu, naye hajawahi kuketi upande wa pili wa dirisha. Akionyeshwa safari ya yule mzee wa Jumamosi, hatua kwa hatua, anaweza kukibadilisha kabla hata ya kura.

Mswada ukishapita, kazi inahamia kwenye kanuni, na hapo wengi huwa wamekwenda nyumbani. Fuatilia tarehe ambayo kanuni zitatangazwa katika gazeti la serikali, na uombe rasimu yake mapema. Baada ya sheria kuanza kutumika, iandikie wizara kila robo mwaka ukiomba takwimu tatu: walioomba kuandikishwa, waliokataliwa, na waliokataliwa kwa kukosa hati pekee. Tenganisha takwimu ya tatu na ya pili katika barua yenyewe, kwa maneno ya wazi, kwa kuwa ofisi isipoombwa kuzitenganisha itazijumlisha. Jibu likichelewa, peleka nakala kwa mbunge na kwa mjumbe wa kamati aliyekuuliza swali siku ya maoni. Huyo atakuwa analikumbuka jambo, na anaweza kuliuliza bungeni, mahali ambapo waziri analazimika kulijibu.